Kuishi ndani ya Probox (ama gari ndogo yoyote) huku Nakuru, Kisumu na western: anza hapa

Maswali ni yale yale kila wiki. Probox inatosha mtu? Nilale wapi nisiibiwe? Sola ya wati ngapi? Na hii ya sola huulizwa sana na watu hawajanunua hata hiyo gari. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, wacha niandike yote mara moja.

Hii ni ya mtu mmoja, mfuko mdogo, mwenye kazi ya kuzunguka Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega, Eldoret, ama mtu amechoka na kodi tu. Kama uko na van ya milioni tatu yenye sinki na friji hapa umepotea.

Kitu kimoja uelewe mapema: wenye hurudi bedsitter baada ya mwezi hawarudishwi na kitanda wala stima, wanarudishwa na pahali pa kupaki usiku, choo, na mafuta. Ndio maana kitanda kinakuja ya nne hapa chini na sola iko karibu na mwisho. Ukianza na sola utakuwa na taa nzuri sana na hakuna pahali pa kuiwasha.

Kabla uanze, uwe na hizi

- Gari inayowaka asubuhi bila kusukumwa, breki na tairi ziko sawa. Gari ikiingia gereji siku tatu, wewe pia huna nyumba siku tatu, kwa hivyo weka kando pesa ya kulala lodging usiku kadhaa na usiiguse.
- Godoro la high density la inchi 4, neti, mapazia mazito, blanketi mbili.
- Mitungi miwili ya lita 20 (ama ya 10 kama nafasi ni ndogo), beseni, ndoo yenye kifuniko kinachoshika.
- Pawabenki kubwa, tochi ya kuvaa kichwani, waya za jampa, pampu ya tairi, spana za kawaida.
- Lifesaver zako za barabarani (zile pembetatu za onyo), mtungi wa kuzima moto na first aid. Hizi si za kupendeza traffic tu, wewe sasa unalala penye kuna petroli na gesi.
- Mtu mmoja anayejua kila usiku umepaki wapi. Dada zangu, hii kwenu msiirukie, na location itumwe kabla ya kulala.

Kuhusu gari yenyewe. Probox ni nzuri juu spea ziko kila mahali, hata pale Luanda ama Chavakali, huku Vihiga, utapata fundi ameifungua mara mia. Ubaya wake ni mbili. Kwanza nyingi zimebeba watu western, abiria kumi na mizigo juu, kwa hivyo kabla ununue lala chini uangalie springi za nyuma na uvute milango uone kama zimelegea. Pili, ukipita Majengo ama Luanda na Probox watu watakusimamisha wakidhani ni matatu, na traffic naye anakusimamisha akidhani hivyo hivyo. Suzuki Every na ndugu zake ni box refu, unakaa wima vizuri, lakini ni injini ya cc 660 na upana wa mita 1.48, kwa hivyo kupanda Londiani na mizigo utapitwa na kila lori. Noah ni kubwa na ina raha, lakini mafuta utaskia.

Hatua ya 1: Lala ndani kabla uachilie nyumba

Usipeane notisi ya nyumba bado. Lala kwa gari wikendi mbili, moja Kisumu na moja Nakuru ama juu zaidi, na mvua ikinyesha ndio vizuri. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru karibu 1,850, na kila ukipanda mita elfu moja joto linashuka kama digrii 6. Ukifika Timboroa, karibu mita 2,700, hiyo blanketi ulikuwa unaiona kubwa Kisumu utaivaa kama koti na bado ulie. Hizo usiku chache zitakuonyesha kama mgongo wako unakubali hii maisha, na ni bei rahisi kujua sasa.

Hatua ya 2: Tafuta pahali pa kulala, na uilipie

Hii ndio hatua kubwa. Watu wanataka kulala bure, leo hapa kesho pale, na hiyo ndio njia ya haraka ya kugongewa dirisha saa nane usiku. Chukua pakingi ya usiku yenye watchman, lipa ya mwezi ama wiki, na uwe unajulikana. Unatafuta hivi:

a) Anza na vituo vya petroli vya saa 24, uwanja wa kanisa, lodging zenye compound, na pakingi za malori. Malori yana system yao kitambo: Salgaa, Mau Summit, Burnt Forest, Malaba, madereva wanalala hapo kila siku na choo, chai na bafu ziko. Shida ni kelele, injini usiku kucha na pia biashara zingine za usiku. Ni sawa ukiwa safarini, si ya kuishi.

b) Enda mchana, usiende usiku. Ongea na meneja ama mwenye plot, si watchman peke yake. Sema ukweli: "Boss, niko na gari, nalala ndani, naingia saa mbili natoka saa kumi na mbili, sipiki hapa, siachi takataka. Naeza kulipa ngapi kwa mwezi?" Wengi wanashangaa kidogo halafu wanataja bei. Ukiongea na watchman peke yake, siku shift ikibadilika unaanza upya na bei imepanda.

c) Angalia choo kinafungwa saa ngapi. Pakingi yenye choo inafungwa saa tatu usiku ni pakingi nusu.

d) Paki ukiangalia nje, kiti cha dereva kikiwa wazi, funguo mahali mkono unafika gizani. Ukitaka kutoka unatoka bila kufungua mlango.

Pahali pa kuepuka. Kisumu usilale ukingoni mwa ziwa, Dunga na Hippo Point ni pazuri mchana lakini viboko hutoka majini usiku kula nyasi na hawana mazoea na Probox. Mvua ikianza, kwepa Ahero na bonde la Nyando, mto unafurika na ile udongo nyeusi ikilowa gari inazama hadi bodi. Ndani ya mji mchana kumbuka pakingi ya kaunti, Nakuru na Kisumu wote wanatoza, na clamp haijali kama ndani ya gari ndio nyumba yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mafuta

Hapa ndio watu wanadanganyika. Unasema umeokoa kodi, halafu unaendesha kila siku juu gari iko. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180. Gari ikienda kilomita 15 kwa lita, hiyo ni lita 12 kwenda na 12 kurudi. Tuseme lita ni 180, umechoma 4,320 kwa safari moja, na kuna mitaa mingi hiyo ni zaidi ya nusu ya kodi ya bedsitter. Safari mbili kwa mwezi, heri ungekaa kwa nyumba na choo chako.

Kwa hivyo kaa pahali pamoja wiki mbili, tatu, na mjini tembea ama panda tuktuk. Bei ya mafuta EPRA (wale wa serikali wa kudhibiti kawi) wanatangaza tarehe 14 kila mwezi, na haifanani kila mji, kwa hivyo angalia kabla ujaze.

Andika bajeti kwa karatasi: pakingi ya usiku, mafuta, chakula, maji na bafu, mama fua, bundles, bima ya gari, service, na SHA (bima ya afya ya serikali). Kama huna mshahara wa payslip, SHA ni 2.75% ya mapato na haiendi chini ya 300 kwa mwezi. Usiiruke, mtu anayelala kwa gari anaugua kama wengine. Hizo zote zikipita kile unatumia sasa ukijumlisha kodi, usihame. Simaanishi vibaya.

Hatua ya 4: Kitanda

Pima kwanza. Probox ukikunja viti vya nyuma unapata karibu mita 1.8 ya urefu, na kutoka sakafu hadi paa haifiki mita moja. Mtu mrefu akikaa anatumia karibu sentimita 90 kutoka makalio hadi kichwa. Sasa fikiria venye watu wanajenga kitanda cha juu chenye droo chini, kama wameona kwa video, halafu hawawezi kukaa wavae shati. Kwa Probox kitanda kiwe chini kabisa, mbao iwe ya kusawazisha tu ile sehemu viti vimekunjwa. Droo wachia wenye Noah.

Nunua plaiwudi ya milimita 12, shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatosha. Kata upana wa kulala upande mmoja tu, sentimita 60 hadi 70, upande ule mwingine ubaki wa mizigo na wa kukanyaga. Kama wewe ni mrefu, sukuma kiti cha abiria mbele kabisa na uweke kipande cha mbao chenye hinji kinachofunguka kuziba hilo pengo, na kiwe na mguu wake wa kukunja, kisiegemee kiti. Hapo umeongeza kama futi moja. Godoro mwambie fundi alikate vipande vitatu ashone kitambaa kimoja, lile zima halikunjiki na mchana utataka kiti.

Onyo: usitoboe sakafu na drili. Chini kuna tangi la petroli, mabomba ya breki na waya. Tumia matundu ya bolti yaliyopo, na usitoe mikanda. Pia usikate bodi wala kubadilisha umbo la gari, hiyo inahitaji idhini ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na logbuku ibadilishwe. Kitanda kinachotoka bila kukata chochote kinahesabika kama mzigo umebeba tu.

Hatua ya 5: Hewa, giza na mbu

Fungua madirisha mawili, upande huu na huu, nafasi ya vidole viwili, usiku wote, hata Nakuru mwezi wa saba. Watu wanafunga kila kitu juu ya baridi, asubuhi wanaamka maji yanatiririka kwa vioo na godoro limelowa chini. Hiyo ni pumzi yako. Weka zile visa za plastiki juu ya madirisha ndio mvua isiingie.

Neti ya kuvisha mlango mzima kama soksi ni rahisi, mshonaji yeyote anaishona kutoka neti ya zamani. Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay hiyo si hiari, malaria iko mwaka mzima, tundika na neti yenye dawa ndani ukiweza. Coil ya mbu usichome ndani ya gari, moshi huo wote unauvuta wewe.

Mapazia yawe meusi upande wa nje, mtu akipita asijue kama kuna mtu. Taa ndani iwe hafifu.

Hatua ya 6: Maji, kuoga, choo

Maji ya kunywa na ya kuoga yakae mitungi tofauti, weka alama. Nakuru na Rift yote chunga maji ya borehole, mengi yana fluoride nyingi, ndio hiyo meno ya kahawia unaona kwa watu wamekulia huku. Kuchemsha hakuitoi. Ukikaa wiki moja si shida, ukiishi, nunua ya kunywa ama teka ya mvua safi na uchemshe. Upande wa ziwa shida ni vijidudu, hapo kuchemsha ama dawa ya klorini inafanya kazi.

Kuoga: bafu za stage, gym yenye bei nafuu (mtu analipa ya mwezi anaoga tu, hawaulizi), lodging za mchana. Siku zingine ni beseni na kitambaa, lita tatu zinatosha.

Choo cha usiku: chupa yenye mdomo mpana ya haja ndogo, na ndoo yenye kifuniko ya dharura. Ndani ya ndoo weka vumbi la mbao, kwa fundi wa fanicha unapewa bure, unafunika kila ukimaliza na harufu haitoki. Kesho yake unamwaga kwa choo cha shimo, bila karatasi ya plastiki. Usimwage mtaroni. Mmoja akishikwa akimwaga mtaroni, wote tunafukuzwa hiyo pakingi.

Hatua ya 7: Chakula

JIKO LA MAKAA LISIINGIE NDANI YA GARI. Hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata madirisha yakiwa wazi, hata Timboroa. Carbon monoxide haina harufu wala rangi, unasikia usingizi tu na huamki. Ni hivyo hivyo na kulala injini ikinguruma ndio upate heater.

Meko ya kilo 6 ni sawa ukipika nje ama mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa, gari imesimama, hakuna upepo. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini pale umelaza godoro, kwa hivyo funga valvu kila ukimaliza, simamisha mtungi wima na uufunge na kamba, na kila mara ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni uone kama kuna mapovu. Ukiwa pakingi ya petroli usiwashe moto kabisa, sogea.

Thermos ya chuma ya lita moja ni rafiki yako. Ndengu ukiziloweka mchana, jioni mwaga maji, ongeza yanayochemka kabisa, funga, asubuhi zimeiva unaweka tu chumvi na kitunguu. Mchele pia unaiva. Lakini maharagwe mekundu usijaribu hivyo, yana sumu yake inayokufa tu yakichemka sana motoni, kwa thermos utakula ugonjwa. Hayo nunua kwa kibanda, chapo madondo haijashinda mtu.

Hatua ya 8: Stima

Anza na pawabenki unayochajia kwa gari ukiendesha ama kwa kinyozi. Mwezi mmoja hivyo, uandike unatumia nini kweli. Wengi wanagundua ni simu, taa na feni ndogo ya USB, na hapo sola haihitajiki.

Kama una laptopu ya kazi, basi: betri ya pili (si ile ya kuwashia gari), sola ya wati 100, kontrola (ya kuzuia sola isichaji betri kupita kiasi), na inveta ndogo (ya kugeuza stima ya betri iwe kama ya nyumba) kama lazima. Hesabu ni rahisi, betri ya maji ya volti 12 na 100Ah ni kama 1,200Wh (yaani wati mara masaa) lakini tumia nusu tu, 600, ukishuka zaidi unaiua mapema. Lithiamu inakubali kutumika karibu yote lakini bei uishikilie moyo. Sola ya wati 100 siku nzuri inaleta kama 350 hadi 400Wh. Upande wa Kisumu na Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, kwa hivyo chaji vitu vyako asubuhi.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa waya chanya, kabla ya kitu kingine chochote. Fundi akikuambia haina haja, mlipe alipofika na utafute mwingine. Waya nyembamba yenye joto ukiishika ni moto unaokuja.

Hatua ya 9: Makaratasi na maafande

Bima isiishe, leseni isiishe, na kama logbuku inasema commercial hakikisha inspection ya mwaka iko. Ukigongewa usiku, washa taa ya ndani, mikono ionekane, fungua dirisha kidogo, salimia. "Habari ya kazi afande, nimepumzika, nimeongea na mwenye hapa, namba yake ni hii." Hiyo namba ya meneja ndio inamaliza maneno, kwa hivyo iwe kwa karatasi pale dashibodi.

Na usishawishike kubeba abiria wa kulipa ndio upate ya mafuta. Bima ya private haikubali hiyo, ajali ikitokea uko peke yako.

Parcel na barua tumia ofisi za basi, unachukua mwenyewe, ama nyumba ya ndugu.

Ikileta shida

*Gari haiwaki asubuhi.* Umetumia betri ya gari usiku, redio ama taa ya mlango. Pima na volt mita gari ikiwa imepumzika: 12.6 na juu iko sawa, 12.2 ni nusu, 12.0 kushuka umeimaliza. Jampa, endesha nusu saa, halafu toa balbu za milango.

*Godoro linanuka ukungu.* Hewa haipiti chini. Toboa matundu kwa plaiwudi, inua godoro kila asubuhi, lianike mara moja kwa wiki.

*Joto la Kisumu mchana.* Huwezi kukaa ndani, usijaribu. Paki chini ya mti, weka kile cha kung'aa kwa kioo cha mbele, enda maktaba ama kibandani. Gesi, pawabenki na laptopu usiviache kwa jua.

*Watchman mpya anataka pesa zaidi.* Mpigie meneja mbele yake, kwa upole. Halafu chai ya asubuhi mnunulie hata kama hukulazimika, huyo ndiye anakulinda.

*Umeshindwa kulala juu ya kelele.* Sogeza gari kona ya mbali na mashine ya kujaza upepo wa tairi na jenereta. Ikishindikana, badilisha pakingi, usibadilishe gari.

*Panya.* Ukipaki karibu na stoo ya mahindi, Kitale ama Nakuru, wanaingia kwa injini wanakula waya. Usiweke unga wala mkate kwa karatasi, kila chakula kiwe kwa ndoo ngumu, na kila asubuhi inua boneti uangalie kabla uwashe. Ukiona kinyesi chao juu ya betri, siku hiyo hiyo hama.